Sili Nane na Moja ya Akiba

Niva ya Ushangi huamka na moshi wa buluu
kila asubuhi, kisha husafika
kama mtu aliyekohoa akaomba radhi.
Ukiizima ikalala, mafuta huteremka
kwenye mashina ya valvu, tone kwa tone,
yakasubiri ufunguo.
Sili zimekauka. Hilo halina mjadala.
Mjadala ni mpya nitazisukuma kwa nini.

Kutaisi, mwezi wa pili. Theluji imeng'ang'ania bati la gereji.
Baba, Varlam, kaketi kwenye kiti cha Moskvichi
kisicho na Moskvichi, blanketi magotini.
Miaka arobaini ya injini imemla masikio.
Ukitaka kumuuliza kitu, andika kwa chaki mlangoni.

Nimejiandaa. Kamba nimeishindilia
kupitia tundu la plagi, valvu zisidondoke ndani.
Springi nimezitoa, na vibanio vyake
nimevihesabu kwenye kifuniko cha achari: kumi na sita.
Sili mpya nane, na moja ya akiba,
maana muuzaji alikuwa na mafua akakosea hesabu.

Nilianza na soketi ya kumi na moja. Ilikuwa karibu,
na mkono hupenda kilicho karibu.
Nikaivika, nikagonga kwa nyundo ya mpira. *Ko!*
Sauti ya kitu kilichofika.
Uongo. Soketi ni fupi;
nilichokigonga ni ncha ya shina,
na sili imekaa nusu, upande,
kofia ya mlevi.

Nikachukua koleo la Mturuki, linalong'aa,
nililolinunua kwa pesa ya viatu.
Lilibana vizuri. Lilibana kupita kiasi:
likashika mdomo wa raba badala ya bega la chuma,
na ile springi ndogo, pete ya kidole cha mdoli,
ikaruka, ikatoka mlangoni,
ikaenda kuishi kwenye theluji.

Basi hiyo ndiyo akiba. Imekwisha.

Nikaandika mlangoni: KWA NINI?
Baba akasoma. Akasoma tena.
Hakujua nauliza sababu au nauliza chombo.
Akaondoa blanketi.

Katika droo ya chini, chini ya risiti za nchi iliyokwisha kufa,
akatoa kipande cha bomba, urefu wa kidole cha kati,
mpini wa mti wa jozi, mweusi kwa jasho.
Zamani kilikuwa pampu ya baiskeli ya mama.
(Nazibrola hakumsemesha wiki nzima.)
Kinywa chake kimepigwa tupa kwa ndani,
kikae begani mwa sili, kisiguse mdomo.
Ndani ni utupu, shina lipite
bila kuulizwa linakwenda wapi.

Nikafunika ncha kwa kipande cha mrija wa soda,
nikapaka mafuta, nikavika sili.
Nikanyoosha mkono kwenye nyundo.
Akanipiga kofi la vidole.
Kiganja, akaonyesha. Kiganja tu.
Naye akaweka kidole chake juu ya chuma baridi
jinsi daktari anavyotafuta mshipa.

Nikasukuma. Ikakataa, ikakataa,
ikakubali.
Haikulia. Ilitulia.
Alijua kabla yangu; akainamisha kichwa.
Saba zilizobaki tulizimaliza hivyo,
mimi nikisukuma, yeye akisikiliza kwa kidole,
na ya sita akanirudisha, akanirudisha tena,
mpaka nikaacha kuharakisha.

Kesho yake Ushangi akawasha.
Mvuke mweupe tu, wa baridi, kama wetu sote.
Akazunguka nyuma mara tatu kuutafuta ule wa buluu,
akalipa nusu pesa, nusu divai
kwenye dumu lililowahi kubeba maji ya betri. Anaapa alilisuuza.

Koleo la Mturuki nimelitundika ukutani.
Kung'olea sili kuukuu, linafaa sana.
Viatu vyangu bado vinaingiza maji.